Kubadilisha rangi ya taa za geji kwenye lori: maswali tunayoulizwa sana gerejini Malindi

Karibu. Haya ni maswali ambayo madereva, mataniboi na matajiri wenye magari hutuletea hapa Malindi, mengine kwa simu saa nne za usiku mtu akiwa amesimama Gongoni na dashi imezimika. Wateja wetu wengi ni malori ya chumvi yanayopakia Gongoni na Marereni, ya mchanga na mawe ya kujengea, na matrela yanayopita kwenda Lamu au kurudi Mombasa. Sehemu kubwa ya kazi yao ni ya usiku, ndiyo maana suala la rangi ya taa za geji hatulichukui kama urembo.

Kama huna muda, soma jibu la volti 24 na lile la taa ya chaji. Hayo mawili ndiyo yanayounguza vitu na kulaza watu njiani.

Je, kila lori linaweza kubadilishwa rangi?

Karibu kila moja, ila kazi si moja. Malori ya Kijapani ya miaka ya nyuma, akina Isuzu, Fuso na Hino, mengi geji zake huwashwa na balbu ndogo zilizochomekwa nyuma ya kibao cha geji. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Magari yaliyokuja baadaye, hasa ya Ulaya, taa zake ni LED ndogo kuliko punje ya mchele, zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hapo unahitaji fundi mwenye mkono mtulivu na vifaa vyake. Halafu kuna haya mapya yenye skrini mahali pa mishale. Hayo usiyafungue kwa sababu ya rangi. Ingia kwenye mipangilio ya skrini uone mtengenezaji amekuachia nini, na mara nyingi utakuta mwonekano wa mchana na wa usiku, basi.

Nitajuaje langu ni la balbu au la LED bila kulifungua?

Subiri giza liingie, washa taa ndogo, uitazame dashi vizuri. Mwanga wa balbu huwa na madoa: hapa pamekolea, pale pamefifia, na mara nyingi namba za pembeni hazionekani vyema. Mwanga wa LED zilizolehemiwa umetandazika sawasawa. Ukitaka uhakika, chungulia nyuma ya kibao. Ukiona vishikio vya plastiki vyenye ukubwa wa kifungo cha shati, vyenye mfereji wa kutia bisibisi, hizo ni balbu. Zungusha robo mzunguko kimoja kitatoka.

Nimeona video ya Mmarekani akibadilisha kwenye trela lake. Ninunue balbu kama zake?

Hapana, na hili nalisema kila wiki. Matrela ya Marekani, akina Freightliner, Kenworth na Peterbilt, yanatumia umeme wa volti 12. Malori tunayoendesha sisi, ya Kijapani, ya Ulaya na ya Kichina, karibu yote ni volti 24: betri mbili za 12 zilizounganishwa mfululizo. Gari likiwaka na altaneta, ile mashine ya injini inayozalisha umeme, ikichaji, nyaya zinabeba kama volti 28.

Chukua LED moja nyeupe iliyotengenezewa gari dogo. Yenyewe inahitaji kama volti 3 tu. Zilizobaki humezwa na rezista, kipande cha kuzuia umeme, iliyo ndani ya kitako chake. Kwenye gari dogo linalochaji kwa volti 14, rezista inameza volti 11. Itie kwenye lori, rezista ileile inalazimika kumeza volti 25. Umeme unaopita unazidi mara mbili, na joto la rezista linafika kama mara tano ya lile ililotengenezewa. Haiungui papo hapo. Itakupendeza wiki moja, ikiwaka kwa nguvu kuliko zote, kisha utaanza kusikia harufu ya plastiki, na ukifungua utakuta kishikio kimelainika na kuacha doa la kahawia kwenye bodi.

Kwa hiyo unaponunua tazama maandishi kwenye kitako au pakiti: 24V, au 10–30V. Isipoandikwa kitu, irudishe.

Fundi mmoja aliniambia tutoe umeme kwenye betri moja tu, tupate 12. Ni sawa?

Si sawa, ingawa utaona redio nyingi zimefungwa hivyo. Betri mbili zilizo mfululizo huchajiwa kama kitu kimoja. Ukila kwa moja tu, ile unayoila inabaki na njaa na mwenzake anashiba kupita kiasi, maji yake yanachemka. Baada ya miezi unanunua betri mbili. Ukiwa na kitu cha volti 12 ambacho lazima kitumike, weka konvata ya kushusha 24 hadi 12. Kwa taa za geji huna haja hata ya hiyo. Nunua LED za 24.

Ni balbu za ukubwa gani?

Zinazotawala ni mbili: T5 na T10. Hiyo namba ni unene wa kioo kwa milimita. T10 ni ileile ya taa ndogo za mbele za magari mengi, T5 ni nusu yake. Kwenye magari ya Ulaya ya zamani utakuta pia zile zilizoungana na kishikio chake cha plastiki, zinanunuliwa nzima. Usikisie. Toa moja, ifunge kwenye kitambaa, nenda nayo dukani. Na uhesabu zote kabla hujaenda, kwa sababu LED za mkupuo mmoja hulingana rangi, lakini ukirudi mwezi ujao kuongeza mbili zilizopungua utapata nyeupe nyingine kabisa, na dashi itakuwa na mabaka.

Rangi ipi ni nzuri kwa safari ya usiku?

Hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa, na wachache wanaliuliza. Wengi huja na rangi tayari kichwani: buluu, kwa sababu wameiona kwenye gari la mwenzao na imewaka kama duka la simu.

Fikiria barabara yenyewe. Ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui na Gongoni, taa za mji zinabaki nyuma na giza linakuwa giza kweli. Kuna mbuzi wamelala kwenye lami kwa sababu ina joto. Kuna baiskeli isiyo na taa imebeba magunia ya makaa, na mtu anatembea pembeni amevaa nguo nyeusi. Jicho lako linahitaji kuona vitu hivyo pale ambapo mwanga wa taa zako umekwisha. Jicho lililotoka mwangani linachukua dakika 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi, kulizoea giza sawasawa, lakini mwanga mkali wa sekunde chache unaliharibia kazi yote hiyo. Kila ukiitazama dashi inayong'aa na kurudisha macho barabarani, unaanza upya kidogo.

Sehemu ya jicho inayofanya kazi gizani inaathirika sana na mwanga wa buluu na wa kijani-buluu, na kidogo sana na mwekundu. Ndiyo maana manowari na ndege za zamani zilikuwa na taa nyekundu ndani. Buluu ina ubaya mwingine: inatawanyika ndani ya jicho, na miale yake haikutani mahali pamoja na ya rangi nyingine, kwa hiyo namba ndogo zinaonekana zina ukungu pembezoni. Kijana wa miaka 25 hataliona hilo. Dereva wa miaka 50 ataliona usiku wa kwanza.

Basi nyekundu ndiyo bora? Hapana, si kwa lori, na sababu iko kwenye geji ya upepo wa breki. Itazame mchana. Ina alama nyekundu pale upepo unapokuwa mdogo kiasi cha breki kutotegemeka. Geji ya joto la injini nayo ina wekundu upande wa juu, na ya mizunguko ya injini vilevile. Chini ya mwanga mwekundu, rangi nyeupe na rangi nyekundu huwa kitu kimoja. Ule mstari wa hatari unapotea machoni, unabaki na mshale na namba tu. Chini ya buluu tupu au kijani tupu, wekundu huohuo unageuka mweusi, na kama uso wa geji ni mweusi basi unazama humo. Marubani nao waliona tabu hiyo na ramani zao, na kwa sehemu kubwa wakahamia mwanga mweupe hafifu.

Mimi nashauri rangi mbili. Ya kwanza ni ile ya kaharabu, katikati ya manjano na chungwa: ina buluu kidogo mno, na wekundu wa geji bado unatambulika kwa kuwa mzito kuliko zingine. Ya pili ni nyeupe yenye joto, ile inayofanana na taa ya kandili, lakini iliyopunguzwa nguvu. Nyeupe kali ya baridi, ile yenye ubuluu ndani yake, iache. Mteja akisisitiza buluu nitamfungia, gari ni lake, lakini nitamwonyesha kwanza geji ya upepo kwenye giza la gereji, mlango umefungwa, na nitamwomba aniambie wekundu uko wapi.

Nguvu ya mwanga ina umuhimu kuliko rangi?

Ndiyo. Nyekundu kali ni mbaya kuliko buluu hafifu. Kipimo changu ni hiki: gari likiwa gizani, taa za mbele zimewashwa, tazama kioo cha mbele na kioo cha mlango wa abiria. Ukiona kivuli cha geji zako kimeakisiwa pale, mwanga umezidi. Huo mwakisiko wa mlangoni ndio mbaya zaidi kwa sababu unakaa mbele ya saidi mira, na mwendesha bodaboda anayekupita kushoto anapotelea humo.

Nimeweka balbu nyekundu, sasa geji hazionekani kabisa. Tatizo nini?

Kuna kichujio cha rangi ambacho hukukitoa. Balbu ya kawaida hutoa mwanga wa manjano, na kiwanda kikitaka dashi ya kijani huweka kitu cha kijani katikati. Mara nyingi ni kikofia cha mpira kilichovaa balbu. Wakati mwingine ni karatasi ya plastiki nyuma ya uso wa geji, au rangi yenyewe imepigwa chapa nyuma ya namba. Kichujio cha kijani hupitisha kijani na kuzuia mengine, kwa hiyo wekundu wako umeishia hapo.

Kikofia unakivua tu, ingawa kwenye gari la miaka 20 utakikuta kimekauka kama ganda la ukwaju na kinavunjika mkononi. Karatasi inatolewa kwa subira. Rangi ya chapa haitoki bila kuharibu namba. Hapo unachagua LED yenye rangi ya chapa hiyo au unaweka nyeupe na kukubali rangi ya zamani ikiwa safi zaidi. Kabla ya kununua chochote, mulika uso wa geji kutoka nyuma kwa tochi nyeupe ya simu. Rangi utakayoiona mbele ndiyo itakayokuwa ukiweka LED nyeupe.

Naweza kupaka balbu zangu rangi ya kucha?

Kwa siku chache. Balbu ya kawaida ina joto, rangi inakuwa kahawia na kumeguka. Kwenye LED haiungui haraka, lakini mwanga hautoki sawasawa.

LED niliyoweka haiwaki, na balbu ya zamani inawaka. Ni mbovu?

Igeuze kwanza. Balbu haijali umeme unaingia upande gani, LED inajali. Ikigoma pande zote mbili, safisha kishikio, kisha ijaribu moja kwa moja kwenye betri ya 24. Nimewahi kuona gerejini pakiti nzima imetupwa, kumbe nusu ya LED zake hazina ubovu.

Taa za hatari nazo nibadilishe zifanane na rangi mpya?

Usiziguse. Nyekundu ni simama uangalie, kaharabu ni tahadhari, kijani ni kitu kimewashwa, buluu ni taa kubwa za mbele. Mpangilio huo unafanana kwenye magari ya dunia nzima ili dereva yeyote akipanda gari lolote aelewe bila kuuliza. Tajiri akibadilisha dereva, au wewe ukiugua na mwenzako akalichukua gari Mariakani, hana muda wa kujifunza kwamba kwako taa ya oili ni ya zambarau.

Na taa ya chaji, ile ya alama ya betri? Kwa nini mnaikazania?

Kwa sababu kwenye malori mengi ya zamani hiyo taa ina kazi mbili. Unapowasha swichi, umeme kidogo unapita kwenye balbu hiyo kwenda kwenye altaneta, na umeme huo ndio unaoiamsha ianze kuchaji. Balbu ya wati 3 inapitisha wa kutosha. LED inapitisha kidogo mno, na altaneta inaweza kubaki imelala huku injini inanguruma. Tena LED yenyewe inaweza kuwaka hafifu kiasi kwamba hushtuki.

Nilijifunza hili kwa njia ngumu nikiwa bado fundi mchanga. Niliweka LED dashi nzima ya lori moja la chumvi, na taa ya chaji nikaibadilisha pamoja na zingine kwa sababu nilitaka kazi iwe nadhifu. Gari likaondoka kwetu saa kumi, likapakia Marereni, likaanza kurudi baada ya magharibi likiwa na mzigo kamili. Halijafika daraja la Sabaki taa za mbele zikaanza kufifia, kwanza manjano, kisha nyekundu kama makaa. Dereva, mzee mtaratibu ambaye alikuwa akiniita mwanangu, alilitoa barabarani akiwa karibu haoni. Taniboi wake alisimama nyuma ya trela na tochi ya simu akipungia magari hadi nilipofika na betri mbili kwenye tuktuk. Nilitoa LED ile kwa mkono unaotetemeka, nikarudisha balbu ya kiwanda, tukaliwasha, na mita ikapanda hadi 27 na nukta. Mzee aliniambia tu, "Mwanangu, hii kazi yako inatubeba sisi." Tangu siku hiyo taa ya chaji inabaki na balbu yake.

Kama ni lazima iwe LED, unganisha rezista ya kama omu 200, ya wati 5, sambamba nayo ili umeme upite. Rezista hiyo inapata joto taa ikiwaka, kwa hiyo isigusane na plastiki. Magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoamsha altaneta hayana shida hii.

Kile kinobu cha kupunguza mwanga hakifanyi kazi tena.

Kile cha zamani hupunguza umeme kwa kuuzuia njiani, na kilipimwa kwa uzito wa balbu. LED zinakula kidogo sana, kwa hiyo unazungusha na kuzungusha hakuna kinachobadilika, halafu mwishoni zinazimika ghafla. Dawa ni kuweka kifaa cha kupunguza mwanga wa LED, kile kinachowasha na kuzima kwa kasi jicho lisitambue, nacho kiwe cha volti 24. Nakuomba usikubali gari litoke gerejini bila njia ya kupunguza mwanga. Mwanga unaokufaa saa moja jioni Malindi mjini ni mkali mno saa nane usiku baada ya Garsen.

Nikitaka kufanya mwenyewe, nifuate utaratibu gani?

Egesha mahali tambarare, vuta handibreki, weka vikinga vya magurudumu. Zima swichi, toa ufunguo. Kama gari lako linatumia maji ya kusafishia moshi, subiri dakika chache kabla ya kukata umeme, kwa sababu pampu yake huendelea kufanya kazi injini ikishazimwa. Kisha toa waya wa hasi kwenye betri.

Fremu ya mbele ya dashi hushikwa na skrubu chache na vibanio. Skrubu huwa zimejificha: juu, chini ya kivuli cha dashi, na nyuma ya swichi. Ukiona haitoki, kuna skrubu hujaiona. Usivute kwa nguvu, plastiki ya miaka mingi ya jua la pwani inavunjika kama papadi. Kibao cha geji kikilegea, kivute inchi chache tu na upige picha nyuma yake kabla hujachomoa kitu. Magari ya zamani yana waya mnene wa spidi unaozunguka, huo hutolewa kwa kubonya kibanio. Vingine ni soketi. Ziwekee alama kwa tepu.

Badilisha balbu moja moja, za mwanga wa geji pekee. Kabla ya kufunga fremu, rudisha soketi, rudisha umeme, washa taa ndogo na uangalie zote. Usiwashe injini kibao kikiwa kimechomolewa, hutajua kama oili haipandi au upepo haujai. Fyuzi ikiungua usiongeze namba yake. Kwenye malori mengi fyuzi ya taa za dashi ndiyo ya taa ndogo za nyuma pia, na kuna mahali waya umegusa bodi ya gari.

Kwa nini taa za dashi huku kwetu hufa haraka?

Ni chumvi. Juzi tulifungua kibao cha lori linalolala uwanja wa chumvi miaka yote. Kwa mbele kilikuwa safi. Nyuma, kila mahali kishikio cha balbu kinapogusa bodi palikuwa na unga wa kijani, mkavu, ukiupuliza unaruka. Chini yake shaba ilikuwa imelika hadi kubaki uzi. Dereva alikuwa amebadilisha balbu mara nne akidhani ananunua feki. Balbu zote nne zilikuwa nzima.

Tunasafisha kwa mswaki mlaini na spiriti, tunakwaruza taratibu kwa kifutio cha penseli hadi shaba ing'ae, na palipolika tunalehemu kipande cha waya mwembamba. Kisha tunapaka mafuta maalumu ya kukinga miunganisho ya umeme, kidogo sana. Msipulize kwa mashine ya upepo ya breki. Ule upepo una unyevu na mafuta ndani yake.

Zile LED zilizolehemiwa, mnazibadilishaje?

Tunatoa bodi nzima, tunasoma ukubwa na upande wa kila LED, na tunazing'oa moja moja kwa joto la kipimo. Ujue jambo moja: nyekundu na kaharabu hutaka kama volti 2, nyeupe, buluu na kijani kama 3. Ukihama kutoka kundi moja hadi jingine, pengine rezista nazo zibadilishwe, la sivyo mwanga utapwaya au utazidi.

Tabu kubwa ni mishale. Kwenye bodi nyingi huwezi kufika kwenye LED bila kuivua, na kila mshale umekaa kwenye mota ndogo laini. Ukiuvuta kombo umeharibu mota. Ukiurudisha nyuzi chache pembeni, spidi inasoma uongo, na geji ya upepo inasoma uongo. Kabla ya kuvua tunapiga picha mishale swichi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Baada ya kurudisha tunalinganisha spidi na ya GPS ya simu barabarani, na upepo tunaulinganisha na geji ya mkono. Fundi asiyefanya vipimo hivyo viwili asikuguse mishale.

Kazi hii itagusa gavana (kifaa cha kudhibiti mwendo) au hesabu ya kilomita?

Haitakiwi. Sheria ya Kenya inataka malori mazito yafungwe gavana ya kilomita 80 kwa saa, na nyaya zake mara nyingi hupita karibu na kibao cha geji zikiwa na lakiri. Ukiona lakiri njiani mwako, simama uwasiliane na aliyeifunga. Kilomita nazo hazishuki wala hazipandi kwa kubadilisha taa; anayekuambia zitashuka anakupangia jambo jingine.

Taniboi wangu anataka utepe wa LED kibandani, rangi zinazobadilika. Mnafunga?

Miguuni na kwenye kitanda cha nyuma, ndiyo, ukiwa na swichi na fyuzi yake. Juu ya dashi na kwenye kioo cha mbele, hatufungi. Taa nyekundu haitakiwi kuonekana mbele ya gari, na zinazopepesa zinamchanganya anayekuja. Dereva anayekutana na lori linalopepesa buluu kwenye kona ya Gede atadhani ni polisi au ambulensi.

Nimuulize tajiri kabla ya kubadilisha?

Mwambie. Gari likiwa bado na dhamana, au la mkopo, kufungua dashi kunaweza kumletea maneno. Tumewahi kurudisha dashi nzima kama ilivyokuwa kwa sababu hiyo, na dereva akalipa mara mbili.

Baba yangu ni dereva wa siku nyingi. Anasema namba za geji zina ukungu usiku. Tumbadilishie rangi gani?

Anza kwa kupunguza mwanga, kisha kaharabu, na ufute vumbi ndani ya kioo cha geji maana kwenye magari ya zamani hapo pekee panarudisha mwanga mwingi. Aendeshe usiku mmoja karibu, Malindi hadi Watamu na kurudi. Ukungu ukibaki, basi ni wa macho na si wa dashi. Mpeleke akapimwe kabla ya safari nyingine ya usiku, na balbu zake za zamani mwekee kwenye kikopo chenye kifuniko ndani ya sanduku la vifaa, ile ya chaji ukiwa umeifungia kitambaa peke yake.